Anti Nijibu: Nashinda njaa ili nipendwe

Toleo lililopita nilijibu kaswali kadogo ka dada mmoja aliyeacha kula ili gauni la harusi limkae vizuri, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimefungua mlango. Zimekuja barua za watu ambao kwenye safu kama hizi huwa hawaandiki kabisa, magei, malesbiani, watu transi (wale ambao jinsia yao siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa), na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa midomo tofauti, mbona mimi na chakula hatuelewani? Nimechagua tano. Majina nimetoa, mahali nimetoa, na zile ndefu nimezikata kidogo, mnisamehe.

"Anti shikamoo. Nina miaka 24, ni gei, nyumbani hawajui. Nilikuwa bonge tangu mdogo na nilitaniwa mpaka nikazoea. Nilipoingia kwenye apu za kutafuta mpenzi nikakuta prufaili zimeandikwa 'wanene hapana', 'wa jimu tu', picha zenyewe vifua bila vichwa. Nikaanza daieti, nikakonda, watu wakaanza kujibu meseji zangu, nikasema kumbe dawa ndo hii. Sasa ni zaidi ya mwaka. Nashinda na kahawa na maji mpaka jioni, naenda jimu, nikirudi najiambia nitakula kidogo afu siwezi kuacha, nakula nimesimama mbele ya friji, taa nimezima ili ninayekaa naye asijue, mkate wote, chochote kilichopo, mpaka tumbo linauma. Baadae najitapisha. Siku hizi meno yanasisimka nikinywa maji ya baridi na mashavu yamevimba hapa chini ya masikio, yaani nazidi kuwa mnene usoni. Hivi huu ugonjwa si wa wasichana? Nipe mbinu ya kuwa na nidhamu usiku."

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo nidhamu ya usiku, maana hapo ndo unapojionea bure. Usiku wako hauna shida, shida iko asubuhi. Mtu ameshinda tumbo tupu, akaenda kunyanyua vyuma, afu ikifika usiku unataka ubongo wake ukae kimya? Utamwambia kula, kula haraka, kula vyenye sukari na wanga, na hautamsikiliza akisema basi imetosha. We unaita ulafi, mi naita mwili unajiokoa.

Na hili si la kubuni. Mwaka 1944 huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti mmoja anaitwa Ancel Keys alichukua wanaume 36 waliokataa kwenda kupigana vitani kwa ajili ya dhamiri zao. Wakachaguliwa kwa kuwa wazima, mwili na akili, afu mwaka uliofuata wakapunguziwa chakula kwa miezi sita hadi wakapoteza kama robo ya uzito, kwa sababu alitaka kujua watu walioshinda njaa kwenye vita walishwe vipi. Sasa sikia kilichotokea. Vijana wakaanza kuota chakula, kuongea chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, wanakaa na sahani moja muda mrefu wanachezea chezea chakula, hasira juu, baridi muda wote, hamu ya mapenzi ikapotea. Walipokuja kuruhusiwa kula wanavyotaka baadhi yao walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Hawakuwa na apu, hawakuwa na prufaili, walikuwa na njaa tu. Kwa hiyo nusu ya hayo unayodhani ni tabia yako mbovu siyo tabia, ni njaa inaongea.

Hayo mashavu sasa, na hapa nataka unisikilize vizuri. Huo uvimbe chini ya masikio siyo unene. Ni tezi za mate, zinavimba kwa ajili ya kutapika mara kwa mara, kwa hiyo unajitapisha ili uso upungue na kutapika kwenyewe ndo kunaujaza. Meno ni asidi ya tumboni inakula ganda la juu. Ikitokea umetapika usipige mswaki hapo hapo maana unazidi kusugua jino lililolainika, sukutua na maji kwanza. Ila la kukufanya uende hospitali wiki hii siyo meno, ni potasiamu, madini yanayosaidia moyo kudunda. Kutapika kunaishusha kwenye damu, na ikishuka sana moyo unapoteza mdundo wake, na haikupi taarifa, mtu anaonekana mzima tu. Kapime damu, kapime moyo. Ukisikia moyo unaruka ruka, ukizimia, ukitapika damu, hapo hata usisubiri kupambazuke.

Wa wasichana? Wanaume wapo kibao, hawaulizwi tu. Mwaka 2007 watafiti Feldman na Meyer walitoa utafiti wao wa New York ulioonyesha kwamba wanaume magei na baiseksho (wanaopenda wanaume na wanawake) wana matatizo ya ulaji zaidi kuliko wanaume wengine. Huyo Meyer, mwaka 2003 alishaeleza kwa urefu kwamba mtu wa kundi linalobaguliwa anabeba mzigo wa ziada kila siku, kujificha, kutegea nani anakuangalia vibaya, kuyameza matusi mpaka unaanza kujitukana mwenyewe, na ule mzigo lazima utokee mahali. Kwako umetokea kwenye sahani. Ulizomewa kwa unene, ukajificha kwa sababu ya unayempenda, afu ukafika mahali ulipodhani hatimaye ni kwenu, nako ukakuta wameweka geti.

Na hilo geti lina historia, halikushuka kutoka mbinguni. Miaka ya 80 na 90 Ukimwi ulipowamaliza wanaume magei wengi huko Marekani na Ulaya, kukonda ikawa ni alama ya kuumwa, basi kifua kipana na misuli ikawa namna ya kusema mi nadunda, niko mzima. Ugonjwa ukapata dawa za kuutuliza, kifua kikabaki kuwa sharti. Miaka hiyo ya 90 madaktari wakaanza kuandika juu ya watu wenye misuli mikubwa ambao wakijiangalia kwenye kioo wanajiona vijiti. Baadhi yao wanaishia kwenye sindano za steroidi, dawa za kukuza misuli, korodani zinasinyaa, moyo unaumia. Nakwambia mapema maana jimu ni jirani tu na huko.

Sasa ufanye nini. Kesho ule asubuhi. Hata kama leo usiku umekula friji yote na kutapika, kesho asubuhi unakula, hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote na ndo inayokata mnyororo. Milo mitatu na vitu vidogo katikati, usipitishe kama masaa manne bila kitu. Mwanzoni utajisikia umejaa na utaogopa, itapita. Tafuta mwanasaikolojia anayejua tiba ya kuzungumza kwa watu wenye bulimia, ndo jina la huko kula kupita kiasi afu kujitapisha, wazuri wanaanza na ratiba ya kula kabla hata ya kukuuliza utoto wako. Huyo unayekaa naye, kama ni mtu wa kuaminika, mwambie tu habari ya chakula, siyo lazima umwambie yote. Na wale wa "wanene hapana" bloki bila kuwajibu. Mtu anayekutaka ukiwa na njaa tu, ukishiba atakufanyia nini?

"Habari Anti. Nilizaliwa nikaandikwa msichana lakini mi ni mwanaume, nina miaka 19. Nimegundua nikikonda sana kifua kinapungua na hipsi zinaisha, na hedhi imekata miezi minne sasa na sikudanganyi nilifurahi. Kwa hiyo sidhani mi ni mgonjwa kama wale wanaotaka umodo, mi nataka tu vile vitu vitoke. Shida nywele zinakatika, nasikia baridi watu wengine wakiwa na joto, na ngazi zinanishinda. Nikienda hospitali watanilazimisha kula na vyote vitarudi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, nakuamini. Nakuamini wewe ni nani na nakuamini ulivyofurahi, na sitakwambia furaha hiyo ni ujinga, maana ulikuwa unaumia na ukapata kitu kinachopunguza maumivu, nani asingekishika. Lakini nikwambie ukweli wa mwili. Hedhi haikukata kwa sababu mwili umekubali kwamba wewe ni mwanaume. Imekata kwa sababu mwili umehesabu akiba ukaona haitoshi, ukaanza kuzima taa chumba kimoja kimoja, na uzazi ndo chumba cha kwanza. Baridi ni taa nyingine hiyo. Ngazi kukushinda ni misuli inaliwa, na moyo nao ni msuli, nadhani unaelewa ninakoelekea.

Mifupa ndo inayoniuma zaidi. Umri wako huu ndo mfupa unamalizia kujijenga, homoni zikizimwa na njaa unakosa akiba ambayo ukiwa na miaka 30 hairudi yote. Na unachokosa ni mwili ule ule wa kiume unaousubiri! Njaa haitakupa mabega, haitakupa ndevu, haitakupa sauti. Siku ukipata nafasi ya upasuaji wa kifua, daktari mwenye akili hatamgusa mtu mwenye utapiamlo maana kidonda hakitafunga vizuri.

Kitu ambacho huenda hujaambiwa ni kwamba kukata hedhi kuna njia za kidaktari, kuna dawa za homoni zinazofanya hivyo, mtu anakula anashiba na hedhi haiji. Kwa hiyo usiende hospitali ukiwa na habari ya chakula peke yake, ukipata daktari unayemwamini mwambie zote mbili, kwamba nashinda njaa na sababu yangu ni hii. Akikutibu chakula tu bila kugusa kilichokufanya uache kula utarudi pale pale, na hilo siyo lako peke yako. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2015 uliouliza wanafunzi wa vyuo zaidi ya 280,000 ulikuta wanafunzi transi ndo walioongoza kwa matatizo ya ulaji kuliko kundi lingine lolote. Na upande wa pili zipo tafiti zinaonyesha watu transi wakipata huduma ya jinsia wanayoihitaji, ile chuki na mwili inapungua.

Lakini pia siishi kwenye mawingu. Najua kuna nchi ambazo ukisema hivyo mbele ya daktari unaweza kupata polisi badala ya dawa. Kama upo huko, basi nenda useme nusu: sili vizuri, nimekonda ghafla, hedhi imekata, nasikia baridi, naomba vipimo vya damu na moyo. Inatosha kuanzia, damu haiulizi jinsia. Hiyo nusu nyingine itunzie mtu salama. Na tafadhali usisome hapa ukaenda kujishindilia chakula leo leo baada ya miezi ya njaa, mwili uliozoea njaa ukilishwa ghafla fosfeti na potasiamu vinaporomoka na watu wanakufa kwa hilo. Kaanze taratibu na mtu wa kukupima. Kifua ukikibana, tumia binda, ile nguo maalumu ya kubana kifua, ya saizi yako na siyo bandeji, usilale nayo, maana kwa mwili uliochoka hivyo hata kupumua ni kazi.

"Anti hawa watu wanajitakia. Wangeacha hayo mambo yao wangekula kama sisi. Na gazeti lenu liache kuwatetea."

Shirika la Afya Duniani liliutoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula, na bulimia mpaka leo zimo, na anoreksia ni moja ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Kwa hiyo kati ya hayo mawili sisi tunahangaika na lile linaloua. Na hao unaosema "kama sisi" barua zao ninazo hapa droo nzima, wameoa na wameolewa na wanatapika vile vile. Inayofuata.

"Dada Anti, mi na mwenzangu ni wanawake, tunaishi pamoja mwaka wa tatu huu. Yeye ni mnene na mezani anakula kidogo sana mpaka nashangaa. Juzi nabadilisha shuka nikakuta makaratasi ya biskuti na chokoleti chini ya godoro upande wake, yamekunjwa kunjwa madogo, mengi mno. Nikamuuliza akalia, siku mbili haongei. Nampenda, simtaki akonde kwa ajili yangu, ni afya tu. Huwa namkumbusha akipakua. Nimsaidieje?"

Kwanza acha kumkumbusha akipakua. Najua unafanya kwa upendo lakini ndo unaomfundisha kula mezani kwa maonyesho na chini ya godoro kwa ukweli.

Unayoeleza yanafanana sana na ugonjwa wa kula kupindukia, ambao mtu anakula vingi kwa haraka, kwa siri, anashindwa kusimama, afu aibu inamla yeye, ila hajitapishi. Umeingia rasmi kama ugonjwa unaojitegemea kwenye mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani mwaka 2013 tu, kabla ya hapo watu kama mwenzako walikuwa wanapewa karatasi ya daieti na kuambiwa wajikaze, na daieti ndo petroli yenyewe. Kuna watu walikuwa wanaamini kabisa kwamba wanawake wanaopenda wanawake haya mambo ya mwili hayawapati kwa sababu hawahangaiki na macho ya wanaume. Kwani wamekulia wapi? Wamekulia nyumba zile zile na mama yule yule anayesema kaza mkanda. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulianza kufuatilia watoto na vijana mwaka 1996, na wasichana wasiokuwa wa kupenda wavulana tu walionekana kupata haya matukio ya kula kupindukia kuliko wenzao.

Sasa yale maneno. Usianze na makaratasi, ameshaaibika hapo. Usianze na uzito pia. Kaeni mahali ambapo hakuna chakula, msiangaliane uso kwa uso kama mnahojiana, kwenye matembezi ni vizuri, useme kitu kama, "Mpenzi, nimekuona unaumia peke yako na mi nilikuwa naongeza. Sitaongea tena kuhusu sahani yako. Nataka kujua siku mbaya inaanzaje." Afu unyamaze. Akisema hakuna kitu, unasema sawa, nipo. Siku tatu baadae bado unaishika ahadi, hapo ndo ataanza kuongea. Makaratasi yaliyobaki toa bila neno, na usimfichie chakula wala kufunga kabati.

Mkienda hospitali jiandae maana wengi wataanza na kumpandisha kwenye mzani na kutaja BMI. Hesabu hiyo ya urefu na uzito aliianza Mbelgiji Quetelet miaka ya 1830, mtu wa takwimu siyo daktari, akitafuta binadamu wa wastani. Jina la BMI lilikuja 1972 na aliyelitoa ni nani? Ancel Keys, yule yule wa vijana 36. Alikuwa anatafuta kipimo cha kutumia kwa makundi ya watu, na haisemi lolote juu ya nini kinatokea chini ya godoro. Mwenzako ana haki ya kusema naomba leo nisipimwe uzito, nimekuja kwa habari ya kula kwa siri. Nawe uwe pale, hata kama mbele yao mtajiita ndugu.

"Anti, nina miaka 41, ni baiseksho, nina watoto. Nahesabu kalori tangu nikiwa chuo. Sijawahi kulazwa wala kuzimia, uzito wangu wa kawaida. Nitajuaje kama hii ni daieti au ni ugonjwa? Umri huu si nimeshapitwa?"

Hujapitwa dadangu, wapo wanaoanza matibabu wakiwa na wajukuu. Na uzito wa kawaida hauthibitishi chochote, wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida, ndo maana wanakaa nayo miaka.

Madaktari wa Uingereza walitoa mwaka 1999 maswali matano mafupi ambayo hata muuguzi asiye mtaalamu anaweza kuuliza. Je, huwa unajitapisha kwa sababu umeshiba hadi hujisikii vizuri? Unahofia kwamba umeshindwa kujitawala kwenye kula? Ndani ya miezi mitatu umepungua zaidi ya kilo 6? Unajiona mnene wakati watu wanakwambia umekonda? Ungesema chakula kimetawala maisha yako? Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi inatakiwa uonwe na mtu. Hayakamati kila kitu, mtu anayekula kwa siri bila kutapika anaweza kuyapita vizuri tu, na wewe sidhani kama la kilo litakugusa, lakini lile la mwisho lisome tena polepole. Umehesabu tangu chuo. Umekula sherehe ngapi za watoto wako bila kufanya hesabu kichwani?

Daktari akikuangalia juu mpaka chini akasema mbona uko poa tu, uzito mzuri, usimwitikie ukaondoka. Mwambie nahesabu kalori kila siku tangu chuo na siwezi kuacha, naomba unielekeze kwa mtu wa matatizo ya ulaji, akigoma tafuta daktari mwingine.